Maji meupe kabisa ila samaki wanakufa, shida nini?

mgeni_tangini: Jamani naombeni msaada, tangi langu lina wiki 2 tu, maji meupe unaona mpaka chini lakini samaki wanapanda juu kuhema na jana wamekufa wawili, nimepima pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji) ni 8, ndo tatizo hiyo?

filta_kwanza: Pole sana ndugu. Pima amonia na naitraiti, zote ni sumu kwa samaki, zinatakiwa 0. Mavi ya samaki na chakula kinachobaki vinatoa amonia, bakteria wanaigeuza naitraiti halafu naitreti ambayo sio kali sana, sasa hao bakteria wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye filta, tangi lako bado changa.

mama_guppy: Naongezea, pH ikiwa juu amonia inazidi ukali, kwa hiyo hiyo 8 inachangia. Badilisha maji robo leo, toa klorini (dawa ya maji ya bomba) kwanza kwenye maji mapya, punguza chakula. Na sponji ya filta usioshe kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria, mi nilipoteza samaki hivyo mpaka leo inaniuma.

mgeni_tangini: Nimepima, amonia miligramu 2 kwa lita!! Nabadilisha sasa hivi.

filta_kwanza: Sawa, kesho pima tena, na usiongeze samaki kwanza.