Ulikuwa wapi siku ile kura zilipofutwa? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Mkunazini
Asalaam aleykum. Jana nilikuwa napekua kabati la marehemu baba, nikakuta shahada yake ya kupigia kura. Kaifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya eka tatu, shamba lile la kugawiwa baada ya Mapinduzi. Vitu viwili tu ndani ya mfuko. Nikakaa kitako pale pale, nikaikumbuka tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alipotokea ZBC akasema uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Baba alizima tivii akaenda kuswali, na wakati wa sala haujaingia. Nyie mlikuwa wapi? Hadithi zenu tu, za vyama muziache barazani.

Kwale wa Konde
Mie nilikuwa juu ya mkarafuu. Redio iko chini na mke wangu. Kapiga ukelele nikadhani kaumwa na nyoka. Nilishuka na nusu pishi, siku ile sikupanda tena.

Bi Shuwena
Mimi Darajani, nimo kwenye bei ya kanga. Muuzaji kaniachia kwa bei niliyotaka mimi, akashusha mlango. Ndiyo mara pekee.

Karani Mstaafu
Nasoma humu miaka mingi, sijawahi kuandika. Leo hiyo shahada ya marehemu imenitoa pangoni.

Nilikuwa msimamizi wa kituo cha kura, Pemba, jina la shehia silitaji. Kazi yangu ualimu. Kila mpiga kura alipata karatasi 5: tatu za Zanzibar, mbili za Muungano. Tulihesabu usiku kwa taa ya chaji, mawakala wa CCM na CUF wamenizunguka, kila karatasi naiinua juu waione. Walibishana karatasi moja tu, alama imekaa kwenye mstari, wakakubaliana wenyewe. Wakasaini wote. Fomu nikaibandika ukutani, tukagawana boflo na chai ya mkandaa, tukaagana kwa mikono. Usiku ule nilijiona mtu.

Tarehe 28 nikasikia kama mlivyosikia. Jioni mama yangu, asiyejua kusoma, akaniita uani. Akaniuliza polepole, asije akanifedhehesha: "Mwanangu, kwani ulikosea kuhesabu?"

Nilishindwa kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba zile mbili za Muungano, zilizopigwa siku ile ile kwenye jengo lile lile, ziko sawa, lakini zile tatu zimeharibika?

Uchaguzi wa marudio, tarehe 20 Machi 2016, nikaitwa tena. Nikaenda. Nilikuwa na nyumba haijaezekwa, sina la kuficha. CUF walisusia na kijiji kikasusia. Siku nzima mbuzi waliopita kituoni walikuwa wengi kuliko watu. Baadaye wakanisusia na mimi: dukani haniuzii mtu, salamu haijibiwi. Mama akafariki mwaka ule ule. Waliokuja maziko walitosha kulibeba jeneza, wa kupokezana hawakuwepo.

Kwale wa Konde
Innalillahi. Mwalimu, Allah amrehemu bi mkubwa.

Jini la Chumbe
Pole, lakini ulikwenda kufanya nini mara ya pili? Bati ndo lilikushinda imani?

Bi Shuwena
Wewe Jini una adabu kweli? Mtu kazika mama yake peke yake.

Jini la Chumbe
Nimeuliza tu. Sie tuliosusia tulikula nini?

Kisonge Imara
Mnalia upande mmoja. Mbona hamsemi kwamba Maalim Seif, mgombea wa CUF, alijitangazia ushindi tarehe 26, Tume bado inajumlisha? Nani kampa kazi hiyo? Na Mwenyekiti alitaja kasoro zake, hakufuta kwa ndoto.

Mtoto wa Mkunazini
Nimesema vyama barazani jamani.

Kwale wa Konde
Haya, Maalim kakosea kujitangaza. Kura ya mama yake mwalimu imekosea wapi? Marudio Dk. Shein wa CCM akapata asilimia 91, wakati 2010 yeye na Maalim hawakuachana hata asilimia 2. Watu walihamia wapi, Shimoni kule Kenya?

Kisonge Imara
Mliosusia mlitaka ahesabiwe nani?

Msafiri wa Azam
Kinachoniuma mimi ni ile kura ya maoni ya Julai 2010. Asilimia 66 tulisema ndiyo, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaja, mpaka mimi nikaoa nyumba ya chama kingine. Mahari ya maridhiano. Baada ya 2015 mkwe akawa ananiongelesha kupitia mtoto.

Bi Shuwena
😂 Na mke?

Msafiri wa Azam
Yupo. Hatupiki na redio imewashwa.

Fundi Cherehani
Nyie mnaongelea 2015, mimi naongelea mwaka jana. Klabu yetu ya mpira inachagua mwenyekiti, nikatengeneza visanduku vizuri na kitambaa cha kijani. Vijana wakakataa. Wamesema hawataki karatasi, kila mgombea asimame, watu wajipange nyuma yake waonane nyuso. Vijana wa miaka 19! 2015 walikuwa watoto wadogo, nani kawafundisha?

Jini la Chumbe
Mwanangu kafika 18, anataka kitambulisho cha Mzanzibari apate kuandikishwa kura. Sheha kila siku "njoo kesho". Namwambia endelea kwenda, kakako alikwenda mara sita. Tena nenda na shahidi.

Kwale wa Konde
Usimpeleke na shahidi, ataonekana mkorofi. Mpeleke na bibi yake mwenye kelele.

Msafiri wa Azam
Dawa ni kupiga picha kila fomu ya kituo.

Bi Shuwena
Ukamwoneshe nani? Mie siku ya kura nauza urojo. Wenye foleni wana njaa.

Kisonge Imara
Mwalimu, tuache utani. Ile fomu yako ya ukutani waliibandua?

Karani Mstaafu
Hakuna aliyekuja kuibandua. Nilifundisha nayo nyuma ya mgongo mpaka skuli ilipopakwa chokaa.

Mgeni wa Jumatatu
Samahani kutoka nje ya mada. Hiyo eka ya marehemu iko wapi, ina mikarafuu?