Natafuta mwalimu wa informatiki wa kufundisha binti yangu ku nyumba (mwaka wa ine ya humanite, Lubumbashi)

MamaBelAir

Jambo yenu bote. Naomba musaada. Natafuta mwalimu wa informatiki wa kuja kufundisha binti yangu ku nyumba, tuko hapa Lubumbashi, Bel-Air. Haiko ya kufungua Word na Excel, ile anajua bila shida. Natafuta mwenye anajua algoritmu (ile mupango ya hatua kwa hatua), kuandika programu na ile mambo ya baze ya data, juu mutoto eko mwaka wa ine ya humanite (sekondari), komersiali na informatiki, na Egzeta (mutihani ya serikali ya kumaliza humanite) inakaribia.

Nibaelezee vile ilipita. Mwaka jana tulipata kijana moya, aliniomba feza ya mwezi muzima mbele hata hajaanza, nikamupa juu alikuwa anasema muzuri na alivaa muzuri. Alikuwa anakuya siku ya kazi mbili na ya kazi ine (jumanne na alhamisi), na mashini yake, na fulashi yenye kuyaa programu zenye zimekwisha kuandikwa. Anakaa yeye mbele ya mashini, mutoto pembeni, anapiga piga, anamuambia "unaona? inatembea", kisha binti anakopia mu kaye. Mi niko ku jikoni nageuza bukari, nasikia vile bitufe binalia nafurahi, nasema leo kazi inafanyika, kumbe ni vidole ya mwalimu njo vinafanya kazi.

Siku ya interogasio prefe (mukubwa wa shule) mwenyewe alisimamia. Kartasi nyeupe, swali moya: andika algoritmu ya kutafuta namba kubwa kupita zote mu tablo ya namba kumi. Binti aliniletea ile kartasi. Juu kabisa ameandika DEBUT (mwanzo). Chini kabisa ameandika FIN (mwisho). Katikati hakuna kitu. 3 kwa 20.

Haiko mutoto mujinga, mu kontabilite eko wa kwanza. Lakini tangu ile siku anasema informatiki haiko ya kichwa yake, anataka paka ipite aisahau, na mi naona akiisahau itamukatia njia yenye alikuwa anaipenda tangu mutoto mudogo, alikuwa anafungua hata radio ya babu yake kuangalia ndani.

Sasa mi nauzisha bilamba ku soko, kompyuta sijui. Mutu mwenye hajui atajuaje kama mwalimu ni muzuri? Nichukue mwanafunzi wa univ ao mwalimu wa masomo (wa ku shule)? Banalipaka kwa saa ao kwa mwezi? Na mashini yetu iko moya, ya zamani, umeme ikienda batri inashika dakika kumi na tano tu, je somo itawezekana?

mwalimu_wa_Katuba

Mama, jambo. Pole kwa mutoto. Nafundisha hii kozi miaka kumi na moya sasa na ile kartasi ya DEBUT na FIN naiona kila mwaka, mutoto alikopia programu mingi lakini hajatembea ndani ya hata moya.

Umeuliza mutu mwenye hajui kompyuta atajuaje mwalimu muzuri. Utajua, nakuambia kweli. Kabla ya kulipa kitu yoyote muite kwa somo moya, na ukae pale pale mu saloni. Angalia mikono. Kama kwa saa nzima mikono ya mwalimu njo iko ku bitufe, muage na heshima, muachane. Kama kalamu iko mu mukono ya binti yako, endelea kuangalia.

Kisha muombe afundishe kupanga namba bila mashini. Kata kartasi ine ndogo, andika 7, 3, 9, 1, bitandike ku meza. Mutoto anaanza ku mwanzo, anaangalia mbili mbili: 7 na 3, ya kushoto ni kubwa, anabadilisha, inakuwa 3 7 9 1. 7 na 9, anaacha. 9 na 1, anabadilisha, 3 7 1 9. Sasa 9 imefika ku mwisho yake, haigusiwi tena. Anarudi mwanzo: 3 na 7 anaacha, 7 na 1 anabadilisha, 3 1 7 9. Anarudi tena: 3 na 1, anabadilisha, 1 3 7 9. Imekwisha. Ameangalia mara 3, kisha 2, kisha 1, jumla 6. Weye mwenyewe mama na hujui kompyuta umefuata, si njo vile? Basi mwalimu mwenye anashindwa kumufikisha mutoto pale na kartasi ine, mashini haitamusaidia.

Kisha aulize mutoto ile swali yenye mi nauliza kila siku: "saa hii mu i iko namba gani?" Mutoto achore tablo, kila kigeugeu (jina yenye inabeba namba mu programu, kama ile i) na nafasi yake, na kila mara bukle (sehemu yenye programu inarudilia) inazunguka aandike namba mupya na akate ya zamani. Ni kazi ya polepole, inachokesha, batoto banaichukia wiki ya kwanza. Lakini ku maswali ya kuchagua ya Egzeta hakuna mashini, iko kalamu tu, banakupatia vipande vya algoritmu banakuuliza itaandika nini ku ekra. Mwenye hajazoea kufuata na kalamu atachagua kwa bahati.

Kwa hiyo usiogope ya batri. Umeme ikienda somo iendelee ku kartasi, ata ni muzuri zaidi. Mashini ije ku mwisho, dakika kumi na tano za kuhakikisha kama kile alichoandika kinatembea, zinatosha.

petit_wa_Salama

Jambo mama. Mi nasoma ku ESIS, ile école ya informatiki ya Salama, na nafundishaka batoto ba humanite ku manyumba yao, kwa hiyo nitasema vile naona.

Kupata: pita ku valve (mbao za matangazo) za ma univ na ma institut, banafunzi banabandikaka pale, ao uliza sekretaria bakuonyeshe mwenye eko mwaka wa tatu ao zaidi. Lakini uliza kitu moya mbele ya yote: weye ulifanya opsio gani ku humanite? Kuna benye bametoka mat-fizik (hesabu na fizike), beko bakali sana mu kuandika programu kunipita hata mi, ila hawajawahi kuona Merise (namna ya kuchora baze ya data mbele ya kuitengeneza) hata siku moya, na ku komersiali na informatiki ile iko na pwe mingi.

Merise nayo iko vile vile ya kartasi. Mi naanzaka na masomo ya mutoto mwenyewe. Mwanafunzi moya eko mu klasi ngapi? Moya, haiwezi pungua haiwezi zidi, unaandika 1,1. Klasi moya iko na banafunzi bangapi? Moya ao mingi, 1,n. Sasa unapotengeneza tablo, namba ya klasi inaenda kukaa wapi? Inaenda mu tablo ya mwanafunzi, kwa upande wa 1,1. Batoto bengi banaweka kinyume, banajaza majina ya banafunzi mu tablo ya klasi, kisha banajiuliza mwanafunzi wa makumi ine atakaa wapi. Ukimuacha ajikwae pale mwenyewe hatasahau.

Ingine, juu ya lugha za kuandika programu: usikubali mwalimu mwenye anafika anasema "Pascal ni ya wazee, tuache, nitamufundisha kitu ya kisasa." Nimeona banaharibia batoto hivyo. Ile Pascal, mutu mwenye jina Niklaus Wirth njo aliitengeneza mu 1970 makusudi juu ya kufundishia, na kama masomo ya binti banatumia Pascal, afuate Pascal, kama ni C afuate C. Mwalimu wa ku nyumba afungue kaye ya mutoto kwanza, aangalie bamefika wapi na banaandika namna gani, TANT QUE na POUR zao (maneno ya kuanzisha bukle) ziko vipi. Hiyo Python ataijifunza vakansi, na itamupendeza.

Bei: mi nalipwa kila somo ikiisha, dola tano kwa saa moya na nusu, transport ndani. Bengine banaomba zaidi ukikaa mbali. Mbele ya somo, hapana kitu.

PapaKampemba

Mama, mi nitasema tofauti kidogo. Kabla ya kutafuta mutu wa inje, ulienda kuona mwalimu wa ile kozi ku masomo? Batu bengi tunaruka pale. Mi nilienda na kartasi ya mutoto wangu mu mukono, nikamuomba anionyeshe alipoteleza, akamuitaka nyuma ya masomo mara tatu, hakuniomba hata franka. Klasi iko na batoto bengi na mashini kidogo, hawezi ona kila mutu, lakini mutoto akifika na swali yenye ameandika, mwalimu anasikia furaha.

dada_wa_Ibanda

Mama, mie niko Bukavu lakini shida ni ileile. Pole sana.

Sisi tulifanya kikundi. Mdogo wangu na wenzake watatu, wote wasichana wa klasi moja, tukachangia mwalimu mmoja, kila siku ya posho (jumamosi), leo kwa huyu, kesho kwa yule. Bei ilishuka lakini ile haikuwa faida kubwa. Faida kubwa ni kwamba mmoja akieleza mwenzake kwa Kiswahili chao, mambo ambayo kwa Kifaransa yalikuwa yamemkwama yanafunguka. Rekirsivite (programu kujiita yenyewe) ilimsumbua mdogo wangu wiki mbili nzima, hadi mwenzake akamwambia: faktorieli ya 5 (5×4×3×2×1) inauliza ya 4, ya 4 inauliza ya 3, kila mtu anamtuma jirani, mpaka wa mwisho anajibu 1, kisha majibu yanarudi nyuma njia ileile: 1, 2, 6, 24, 120. Wakasimama mstari kwenye lupango wakaifanya na miguu yao. Sasa hivi anaifundisha wengine.

Na kitu kingine ninakuomba kama mwanamke. Mwalimu akiwa kijana na mwanafunzi ni binti, somo lifanyike saloni, mlango wazi, mtu mkubwa yuko nyumbani. Hata kama anatoka familia mnayoijua. Mwalimu mzuri hatakasirika, atakuheshimu zaidi.

Kwa intaneti: kuna france-ioi, ni bure na iko kwa Kifaransa, mazoezi ya algoritmu yanaanza chini kabisa yanapanda polepole. Kwenye telefone ya Android anaweza kuweka Pydroid, ukishaiweka inaendesha Python bila mega (za intaneti). Lakini masomo ya video kila siku yalitumalizia mega na sauti ilikuwa inakatika kila mara mwalimu anapofika pazuri, tukaacha. Bora mtu aje.

mwalimu_wa_Katuba

Dada wa Ibanda amesema vema, kikundi ya bane ni muzuri, mi ningesimama pale, wakizidi bane inakuwa tena klasi.

Papa Kampemba ana haki ya kwenda masomo kwanza. Ila mama, mutoto mwenye amekwisha sema haiko ya kichwa yake anaogopa kuuliza mbele ya benzake. Anahitaji mahali pa kukosea bila mutu kuona. Kwa ile, ku nyumba ni pazuri.

Niongeze kidogo: akishajua kupanga, mwalimu amupeleke kutafuta. Muchukulie rejista ya majina 1000 yenye imepangwa, afungue katikati, aulize jina iko mbele ao nyuma, atupe nusu, afungue tena katikati. Kwa mara 10 hivi atakuwa amelipata, jina yoyote. Mutoto akiona vile njo anaelewa kwa nini tulimusumbua na kupanga.

MamaBelAir

Bandugu zangu, nimerudi. Aksanti kwa bote, nimesoma majibu yenu mara mingi na binti pembeni.

Nilienda masomo kama papa alivyosema. Mwalimu wa kozi alinipokea, akasema mutoto aanze kuleta maswali yake ya kuandika kila siku ya kazi tatu (jumatano), basi ile tumeishika.

Kisha nikaita balimu babili, kila moya somo moya. Wa kwanza nilipomuletea kartasi ine za 7, 3, 9, 1 akasema ile ni michezo ya batoto ba primere, yeye anafanya na mashini. Nikamulipa transport yake. Wa pili ni binti wa mwaka wa tatu, alifanya komersiali na informatiki yeye pia, alipoziona kartasi akacheka kwa furaha, akaomba nimupatie masanduku ya kiberiti aweke kila namba ndani, ili mutoto afungue mbili tu kwa mara moya, "juu mashini nayo haionaki tablo nzima." Sikujua ile. Binti yangu alifungua na kufunga pale ku meza, umeme ilienda, tukawasha buji, hakuna mwenye alisimama.

Mwisho akamurudisha ku swali ileile ya interogasio. Namba kubwa kupita zote. Binti aliandika, polepole, max (namba kubwa yenye imeonekana) inaanza na 0, kisha bukle, kama T[i] (namba ya ku nafasi i mu tablo) inapita max basi max inachukua T[i]. Nikaona ameyaza katikati ya DEBUT na FIN, machozi ilitaka kunitoka. Mwalimu akasoma, hakusema ni muzuri, hakusema ni mubaya. Akamuuliza tu: "Na kama namba zote ziko chini ya sifuri?" Binti akanyamaza. Akaangalia buji. Kisha akafuta ile 0 na kidole, kartasi ikachafuka, akaandika T[1] juu yake.

Tumepatana siku ya posho na kazi ine, kulipa kila somo. Banafunzi benzake babili bameomba kuingia. Kama kuna mwenye anajua mahali mu centre-ville banauzisha batri za mashini za zamani zenye zinashika kweli, aniandikie hapa.