Programu yangu ya vigae yapata 96 kwa 100 lakini siiamini, nisaidieni

Mwana_Mvita: Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Nasomea akiolojia hapa Mombasa. Tasnifu yangu ni vigae vya Pwani: vyungu vya kwetu vya mtindo wa Tana, vile vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, na seladoni, vyombo vya kauri vya kijani vya China vilivyokuja na majahazi. Nina picha 640. Nimefundisha programu ya akili unde ivitenganishe, ikapata 96 kwa 100. Msimamizi kafurahi, mimi nikawanunulia wenzangu kahawa. Juzi nikaipa kigae kipya, pembetatu hata kipofu angezipapasa. Ikasema China. Nikarudia, China. Zimebaki wiki tatu.

Bandari_Kuu: Picha ulizipigia wapi?

Mwana_Mvita: Za seladoni chumbani, juu ya kitambaa cheusi. Vya kwetu vilikuwa vingi, nikavitandaza nje kwenye mkeka. Hicho kipya nilikipigia chumbani.

Bandari_Kuu: Basi hukuifundisha vigae, umeifundisha mkeka! Ikiona ukili, Tana. Ikiona weusi, China. Piga upya zote: kitambaa kimoja, mwanga mmoja, rula pembeni. Tena vigae vya chungu kimoja visikae vingine kwenye mafunzo na vingine kwenye mtihani. Huko ni kumvujishia mwanafunzi majibu.

Mzee_wa_Magofu: Mwanangu, piga na pale kilipovunjika. Uso unadanganya, kiini cha udongo na chembe za mchanga ndivyo tunavyotazama sisi. Na usikimbilie programu za Ulaya. ArchAIDE, programu yao ya kutambua vigae, ilifundishwa amfora (mitungi) za Kirumi na majolika (vyombo vya Ulaya vilivyopakwa rangi), Tana itaijulia wapi? Hata wale wa Chuo Kikuu cha Yamagata, waliotangaza mwaka 2024 michoro 303 ya kale iliyochorwa ardhini jangwani Nazca, Peru, mashine iliwaonyesha pa kutazama tu, kisha wakaenda kwa miguu kuhakikisha.

Binti_Kisauni: Kabla hujapakia chochote intaneti, futa alama za mahali kwenye picha. Wezi wa mambo ya kale, wenye sururu za usiku, nao wana simu.

Mwana_Mvita: Nimerudi. Nimepiga upya zote, viganja vyote vumbi. Kile kigae sasa chasomeka Tana. Lakini alama zimeshuka hadi 71 na msimamizi kanuna. Niandike 71 kweli?

Bandari_Kuu: Iandike. Na ile 96 iandike pia, ueleze habari ya mkeka.