Mbunge anayejiuzulu ili akagombee kwingine achangie gharama za uchaguzi mdogo

Ndugu zangu, hapa katika jimbo la New South Wales, Australia, raia aliyeandikishwa asipopiga kura bila sababu inayokubalika hutozwa faini ya dola 55. Mbunge aliyeomba kura hiyohiyo kwa ahadi ya kututumikia miaka minne anaweza kuondoka katikati ya safari kwa barua moja tu, na hatozwi hata senti.

Kumbukeni tarehe 12 Februari 2022, tulipoitishiwa chaguzi ndogo nne kwa siku moja, Bega, Monaro, Strathfield na Willoughby, ilhali hakuna mbunge hata mmoja kati ya hao wanne aliyefariki, wote walijiuzulu. Siwatii wote katika kapu moja. Gladys Berejiklian wa Willoughby aliachia uongozi wa serikali ya jimbo baada ya tume ya kupambana na rushwa kutangaza kwamba inamchunguza, na kwa hilo sina ugomvi naye. Ninachokasirikia ni kisa cha Bega, ambako mbunge Andrew Constance aliondoka ili akagombee kiti cha Gilmore katika bunge la shirikisho. Wapiga kura wake ni watu ambao makazi yao, Cobargo ikiwamo, yaliteketea kwa moto mwishoni mwa 2019, na ingawa nakiri kwamba aliwapigania kwa sauti kubwa baada ya janga lile, hilo ndilo linalofanya kuondoka kwake kuume zaidi. Walimpa kiti Michael Holland wa chama cha Labor, katika eneo ambalo chama cha Liberal kililishikilia tangu 1988, kisha Machi 2023 wakarudi tena vituoni kwa uchaguzi mkuu. Constance mwenyewe alishindwa Gilmore.

Wapo wanaopendekeza chama kijaze nafasi bila kura, kama inavyofanyika katika Baraza la juu la bunge letu la jimbo. Nakataa kabisa, kwa sababu mbunge wa eneo tulimchagua kwa jina lake, na kiti si mali ya chama.

Ninachodai ni sheria inayotenganisha anayeondoka kwa ugonjwa au msiba wa kifamilia na anayeondoka kutafuta kiti kingine, na huyu wa pili, pamoja na chama kilichompitisha, walipe sehemu ya gharama za uchaguzi waliousababisha. Kama dola 55 zinaweza kudaiwa kwa mwananchi aliyekosa siku moja, nielezeni kwa nini yeye asidaiwe kwa mwaka mzima na zaidi aliotukimbia.