Kaka yangu hawezi kumeza na dawa ya fangasi haijasaidia: tusubiri au tuombe kipimo cha umio?

Dada wa Mgonjwa: Habari zenu wakuu. Kaka yangu anaishi na VVU, na baada ya kuacha dawa kwa muda mrefu amerudi CTC (kliniki ya matibabu ya VVU) akiwa na CD4, yaani chembe za kinga, chini ya 50. Kila anapomeza, hata uji wa vuguvugu, husikia maumivu makali katikati ya kifua, na amekonda sana. Daktari alimwandikia flukonazo, akieleza kwamba fangasi wa umio ndio chanzo cha kawaida kwa mtu mwenye kinga ya chini. Wiki imepita bila nafuu, na mdomoni hana utando mweupe. Jirani anasisitiza kuwa ni vidonda vya tumbo, atumie omeprazo. Naombeni ushauri.

Mzee Kondo: Pole sana, binti yangu. Mpe mtindi na asali asubuhi, koo litalainika.

Tabibu wa Zamu: Mzee wangu, mtindi hauna ubaya, lakini hautibu ugonjwa huu. Dada, daktari alianza vizuri, kwani mwenye fangasi wa umio kwa kawaida huanza kupata nafuu ndani ya wiki moja ya flukonazo. Asipoipata, ndipo endoskopi inapohitajika, yaani kuangalia ndani ya umio kwa mrija wenye kamera. Kwa CD4 ya kiwango hicho ninashuku virusi vya CMV au vya hepesi. CMV mara nyingi huacha vidonda vichache, vikubwa na virefu upande wa chini wa umio, ilhali vya hepesi huwa vidogo na vingi. Hata hivyo, macho peke yake hayatoshi. Ni lazima vinyama vikatwe na kupelekwa maabara, tena vitoke kwenye kitako cha kidonda, ambako CMV hupatikana zaidi, na kwenye kingo zake, ambako hepesi hupatikana zaidi. Muulize mpimaji jambo hilo kabla hajaanza.

Kubahatisha dawa hakufai, kwa kuwa tiba hazifanani: hepesi hutibiwa kwa asiklovia kwa wiki mbili hadi tatu, na CMV kwa gansiklovia, ambayo kwa asiyeweza kumeza huanza kwa sindano ya mshipa. Gansiklovia inaweza kushusha chembe za damu, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara. Omeprazo hupunguza asidi tu, virusi haivigusi.

Figo Mpya: Sina VVU, lakini nilipandikizwa figo na ninatumia dawa za kushusha kinga, nami CMV ilinishika umio. Endoskopi inatisha kwa jina kuliko kwa kazi yenyewe: nilikaa bila kula kwa saa kadhaa, koo likapuliziwa dawa ya ganzi, na haikuchukua muda mrefu.

Dada wa Mgonjwa: Asanteni. Anataka kusimamisha ARV kwa sababu vidonge vinamuumiza. Je, ni sawa?

Tabibu wa Zamu: Asisimamishe kwa uamuzi wake, na asivisage vidonge kabla ya kuuliza, kwani si kila kidonge husagwa. CTC wajulishwe kesho asubuhi, maana kinga isipopanda, vidonda hivi vinaweza kurudi hata baada ya kupona. Lakini akishindwa kumeza maji, au akitapika damu, msisubiri kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Dada wa Mgonjwa: Maji bado yanapita, kidogo kidogo. Kesho tunakwenda kuomba rufaa ya endoskopi.