MADA: Mtoto wa kitengo maalum apewe daftari la hesabu la ngazi yake, au kitabu cha wenzake?

Mzazi, Langoni
Assalam aleikum. Jambo hili tuliligusa kwenye mkutano wa wazazi likaachwa juu juu, nami naona tulizungumze wazi. Mwanangu ana miaka 13, yuko kitengo maalum, darasa la watoto wenye ulemavu. Mwalimu mpya ameacha kutumia kitabu kimoja kwa wote. Kila mtoto ana daftari la mazoezi la ngazi yake: huyu anahesabu vitu mpaka 10, huyu anajumlisha makumi, yule anagawanya. Akiweza ngazi moja bila kushikwa mkono, anapanda ya pili. Wazazi wengine wamekasirika, wasema watoto wamerudishwa chekechea.

Mimi naunga mkono. Miaka mitatu mwanangu akiandika 31 + 9 = 310, na kila mara anawekewa alama ya kosa, basi. Hakuna aliyemuuliza amefikaje hapo. Alipopimwa ikaonekana hajui kuwa ile 3 ni makumi matatu. Alijumlisha 1 na 9, akapata 10, akaibandika baada ya 3. Mwalimu akampa chelewa za fagio azifunge kumikumi kwa raba. Mafungu matatu na kijiti kimoja, ongeza vijiti tisa, fungu la nne likafungika mkononi mwake. Ndipo akarudi kwenye daftari.

Na Kiswahili chenyewe kinasaidia. Kumi na tatu inataja kumi, kisha tatu. Mtoto anasikia fungu na vijiti vya ziada. Lakini ishirini na thelathini hazijielezi, na hapo ndipo alipokwama. Kwa wiki kadhaa alisema "makumi mawili", "makumi matatu", mpaka akazoea. Kitabu cha darasa kingemsubiri wapi?

Mama, Shela
Waaleikum salaam. Baba, nakuheshimu, ila wangu ni binti wa miaka 14 na daftari lake lina picha za bata na maputo. Akitoka shule analificha ndani ya buibui wenzake wasilione. Hesabu gani atajifunza mtoto anayeona haya hata kulifungua? Halafu kila mmoja na karatasi yake, pembe yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu apate taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Huku si kuwatenga ndani ya darasa lao wenyewe?

Mwalimu, Mokowe
Mama, la picha uko sawa kabisa. Ngazi ni ya hesabu, si ya umri, na sura ya daftari lazima ifuate umri.

La kurudishwa chekechea silikubali. Mtaala wa umilisi wenyewe una njia ya hatua kwa wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida: msingi, kati, kabla ya ufundi, kisha ufundi. Wanapanda kwa wanachoweza, si kwa mwaka.

Hofu yangu ni nyingine. Kipindi ni dakika 30. Ukiwa na watoto 15 na madaftari 15, kila mmoja amepata dakika 2 za mwalimu. Zilizobaki yuko peke yake na karatasi, na akikosea swali la kwanza atarudia kosa lile lile ukurasa mzima. Nimeliona hilo, na linaumiza kwa sababu ukurasa uliojaa unampendeza mkaguzi. Mimi huanza na wote pamoja, tunahesabu kwa sauti na vitu mkononi, kisha nawakalisha watatu watatu wa ngazi zinazokaribiana. Tena nawapima upya baada ya likizo, maana ngazi iliyopandwa Machi yaweza kuwa imeporomoka Mei.

Fundi, Matondoni
Mpwa wangu shule walisema hajui kuhesabu. Kwenye boriti anajua: korija ni 20, korija mbili na tano juu ni 45, hakosei. Hilo daftari lina boriti? Lina ukili wa mkeka? Aliyempima alimpimia wapi?

Mama, Shela
Hapo Fundi umenena. Wangu anauza viazi karai na nyanya yake jioni, chenji ya shilingi 50 haimshindi. Kwenye daftari, 50 toa 35 anaiacha wazi.

Mzazi, Langoni
Basi hiyo ndiyo ngazi yake halisi, Mama, na aliyemwekea bata hakuijua. Kwa kauli hiyo daftari la ngazi silioni kosa. Kosa ni kupima kwa kalamu peke yake. Nitamwomba mwalimu ambadilishie binti yako kurasa mbili za mwanzo, ziwe za viazi na chenji, mwenyewe azichore. Je, utakubali aendelee nalo mpaka mwisho wa muhula?

Mama, Shela
Nitakubali akilitoa ndani ya buibui mwenyewe, bila kuambiwa. La dakika mbili bado Mwalimu hajanijibu. Hao watatu watatu, wewe ukiwa kwa kundi la kwanza, nani yuko na la tano?