Tupeane uzoefu: stesheni ya uwanjani ilipogoma, tatizo lilikutwa wapi?

Fyuzi30
Wakuu, habari za mchana. Masika yanakatika, klabu zinaanza kupanda milimani na betri zao. Tuweke hapa yanayoua stesheni ya uwanjani ya redio za ridhaa (amateur): redio ya wati 100, dipole (antena ya waya yenye mikono miwili) ya bendi ya mita 40 au 20, betri ya gari. Atakayeandika "vifaa vilikuwa vibovu" tu, namruka. Taja kifaa gani, kilisoma ngapi, na kwa nini.

MtwangaMawimbi
Umenikumbusha ugonjwa mmoja ambao dalili zake ni zile zile za antena mbovu. Redio inapokea safi. Ukibonyeza PTT (kitufe cha kutuma) bila kusema kitu, shwari. Ukiita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia) kwa sauti, taa inafifia, redio inazima na kujiwasha upya. Wa upande wa pili anasema sauti inakatikakatika kama mtu anayezama.

Stesheni moja ya klabu ilipatwa na hilo asubuhi na mapema. Dipole ya 40 ilikuwa na mita 10.18 kila upande, imekaa vizuri kwenye megahezi 7.100. Mmoja akasema ni ndefu. Ikashushwa, zikakatwa sentimita 20 kila upande, ikapandishwa. Redio bado inazima. Ikashushwa tena, zikakatwa 15. Sasa antena imebaki na mita 9.83 kila upande, yaani imehamia 7.350 na ushei, wakati bendi yetu inaishia 7.200. SWR (kipimo cha antena kupatana na redio; 1 ndiyo bora) ikapita 3, redio ikaanza kujipunguzia nguvu ili isiungue. Na kwa kuwa imepunguza nguvu, haivuti tena ampea nyingi, kwa hiyo haizimi! Watu wakapigiana makofi, wakakaa saa nne nzima wakituma wati 20 kwenye antena waliyoiharibu wenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye waya wa umeme. Betri ya gari ilikuwa N70 nzima, volti 12.6 ikiwa imetulia. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi. Waya huo una kama miliomu 7 kwa mita, kwa mita 8 ni 55. Redio ya wati 100 inavuta ampea 20 ikituma. Zidisha: volti 1.1 zimeliwa njiani. Betri yenyewe ikibebeshwa ampea 20 inashuka mpaka 12.0 hivi. Redioni zinafika 10.9, wakati redio nyingi zimeandikwa 13.8 pungufu au zaidi asilimia 15, yaani chini ya 11.7 haziahidi kitu.

Dawa: pima volti nyuma ya redio, kwenye plagi yake, MTU AKIWA ANATUMA. Kupima kwenye betri wakati redio inasikiliza ni kujidanganya. Weka CW (mosi, inayotuma nguvu yote mfululizo), bonyeza sekunde tatu, soma. Kisha gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya redio, tuma tena. Ukiona zaidi ya 0.3, tafuta hapo kati, hasa kikalio cha fyuzi; kile cha bei ya chini huwa kinapata moto mpaka plastiki inalainika. Waya wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa mita 2 tu unapoteza kama 0.23. Sogeza betri karibu na redio, acha koaksia (kebo ya antena) iwe ndefu.

Bi Waya
Hapo pa kukata antena ambayo haina kosa… umenigusa sana.

Kisiki73
Dipole haikatwi mlimani, INAKUNJWA. Anza na mita 10.4 kila upande. Pandisha mpaka urefu itakapofanyia kazi, maana ukipima ikiwa mita 2 kutoka ardhini unapima kitu kingine. Tafuta SWR ya chini iko wapi. Tuseme ni 6.950 na unataka 7.100. 10.4 mara 6.950 gawanya kwa 7.100 ni 10.18. Kunja sentimita 22 kila ncha, zungushia waya kwenye waya, funga na tepu. Waya wenye ganda la plastiki hutaka kuwa mfupi kidogo kuliko waya mtupu, ndiyo maana kanuni ya 142.5 gawanya kwa megahezi (inakupa mita za pande zote mbili) ni ya kuanzia tu.

Na ukiikata vizuri kwa 7.050, jaribu hiyo hiyo kwenye megahezi 21. Waya ule ule unaingia nusu wimbi tatu. Bendi ya bure.

KopoLaRangi
Mnahangaika na SWR ya juu, mimi naogopa ya CHINI. Ukiona 1.2 kutoka 7.000 mpaka 7.200 bila kupanda popote, na ukihamia 14 bado 1.5, usifurahi. Koaksia imekunywa maji. Chomoa antena, acha ncha ya mbali wazi, pima. Koaksia nzima itakupa SWR ya kutisha, mita inagonga mwisho. Ikisoma 3, nusu ya nguvu yako inaishia ndani ya waya. PL-259 (konekta za koaksia) nyingi za mvua iliyopita zina kutu ya kijani ndani, chomoa uone.

Mzee wa Katani
Mmeruka jambo la kwanza: kamba. Mlingoti ukianguka hakuna cha SWR. Tumieni katani, inashika fundo, haiteleziteleza, na ni mali ya nyumbani.

NailoniTu
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo hapana. Katani ikilowa inajivuta, inang'oa vigingi au kupinda mlingoti. Ikikauka inalegea. Ukilala na mvua ukiamka na jua, kamba si ile uliyoifunga.

Mzee wa Katani
Marahaba. Na nailoni yako? Ikilowa inanyumbuka kama mpira. Mlingoti unacheza taarabu usiku kucha.

NailoniTu
Basi poliesta. Haijivuti, hainyumbuki sana, jua haliiharibu upesi.

Mzee wa Katani
Poliesta sikuikataa. Nimeikataa nailoni.

Huku5Z4
Acheni kamba, nyinyi hamjaona MBUZI. Mlingoti wa alumini, mita 10, kamba tatu. Vigingi vilikuwa mita 3 tu kutoka shinani kwa sababu uwanja ulikuwa mdogo. Saa kumi na moja jioni, kundi la mbuzi likirudi nyumbani likapita katikati ya stesheni. Beberu mmoja akanasa pembe kwenye kamba ya mashariki. Akavuta mara moja, kigingi kikatoka kama jino bovu. Mlingoti ukalala magharibi, taratibu, kila mtu anautazama. Koaksia ilikuwa imetoka mlingotini moja kwa moja hadi nyuma ya redio. Redio ikaruka kutoka mezani, ikaning'inia hewani kwa konekta yake. Opereta alikuwa amekamata kituo cha mbali kwenye bendi ya mita 20, bado ana maiki mkononi, anasema "please stand by".

Mambo matatu yalikuwa makosa. Vigingi: kwa mlingoti wa mita 10 viwe angalau mita 6 kutoka shinani, maana kamba iliyosimama wima sana inausukuma mlingoti chini, haiuzuii kulala. Kigingi chenyewe: nondo ya milimita 12, urefu sentimita 60, kichwa chake kilale nje, mbali na mlingoti, kiingie sehemu kubwa ardhini. Koaksia: kabla haijafika mezani, ifungwe kwenye kigingi chake. Mlingoti ukianguka, uvute kigingi na redio ibaki ilipo.

Bi Waya
Beberu alipona?

Huku5Z4
Alipona. Aliondoka na mita mbili za kamba.

MtwangaMawimbi
Ile QSO (mawasiliano) ilikamilika?

Huku5Z4
Ripoti zilikuwa zimeshabadilishana, kwa hiyo ndiyo. Iko kwenye logi (daftari la mawasiliano).

KopoLaRangi
Saa ngapi UTC, saa ya dunia ya kuandikia logi? 😂

Huku5Z4
Hapo ndipo ugomvi mwingine ulipozukia. Kwenye logi iliandikwa 11:00.

Fyuzi30
Saa kumi na moja jioni ni 17:00 yetu, UTC ni 14:00. Hiyo 11:00 ni saa ya Kiswahili imevaa nguo za UTC. Yule wa upande wa pili hatakuona kwenye logi yake.

Kisiki73
Njia rahisi: UTC toa 3 unapata saa ya Kiswahili. 14 toa 3 ni kumi na moja. 12 toa 3 ni saa tisa. Ikiwa sifuri au hasi, ongeza 12, ikizidi 12, toa 12: UTC 02:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Kurudi, saa ya Kiswahili ongeza 3, kisha jiulize kama ni asubuhi au jioni. Na tarehe ya UTC inabadilika kwetu saa tisa usiku, si saa sita. Wanaokaa redioni zamu ya usiku wanakosea hapo kila mara.

NailoniTu
Au saa moja ya ukutani iwekwe UTC, ifungwe kamba ya njano, asiiguse mtu. Hesabu zenu za saa saba usiku hakuna atakayeziweza.

DijitaliPekee
Kwenye FT8 (mawasiliano ya maandishi kwa kompyuta) msiwe na utani na saa. Mizunguko ni ya sekunde 15, saa ya kompyuta ikipotea zaidi ya sekunde 2 hamtasoma ujumbe wa mtu wala yeye wenu, hata kama mistari inaonekana minene kwenye kioo. Mlimani hakuna intaneti, saa ya kompyuta inateleza yenyewe. Kidude cha GPS cha USB kinamaliza kazi. Pili, FT8 inatuma sekunde 12.64 mfululizo kwa nguvu ile ile, si kama sauti inayopanda na kushuka. Shusha mpaka wati 30, la sivyo redio inachemka na ile betri ya MtwangaMawimbi inakufa kabla ya magharibi.

Mzee wa Katani
FT8 si kuongea.

DijitaliPekee
Sawa mzee.

Paneli12
Chaja ya sola! Ukiona kelele za S7 (kwenye mita ya nguvu ya mawimbi) mchana kutwa na zinanyamaza wingu likipita, ni kidhibiti chaji cha sola. Chomoa waya wa paneli, sikiliza. Kelele zikiondoka, una majibu. Tafuta feriti (pete za kuzuia kelele) za mchanganyiko wa 31, zungusha waya mara saba au nane ndani yake, pande zote mbili za kidhibiti. Waya wa paneli uusokote, usiuache ukiwa umetanuka kama antena nyingine.

KopoLaRangi
Feriti zinapunguza, haziponyi. Chaji betri ya pili pembeni, badilisheni kila baada ya muda. Na betri ya asidi kama N70 itumike nusu ya chaji yake tu.

Paneli12
Betri mbili ni kubebana mlimani. Feriti ni gramu 100.

Huku5Z4
Na huku stima ya laini ya karibu inapiga kelele kushinda chaja zote. Chagueni kilima kisicho na nguzo.

Fyuzi30
Kwa nguzo, si kelele tu. Mlingoti ukae mbali na waya wa TANESCO angalau mara moja na nusu ya urefu wake. Huyo beberu angechagua kamba nyingine, ingekuwa msiba.

Bi Waya
Na ncha za dipole iliyofungwa kama V iliyopinduliwa zisifikiwe na mkono wa mtu wala mtoto. Kwa wati 100 ncha inaunguza. Mita mbili na nusu juu, ukiweza tatu.

JirejeshoKijijini
Kabla ya yote haya, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na nakala ya leseni. Waya mlimani, watu wenye maiki wakizungumza herufi, mtu ataita mgambo. Acheni redio ya bendi ya mita 2 ikisikika watoto wasikilize, mtapata walinzi wa bure.

Sahani90
Na wasio na mlima? QO-100, setilaiti yenye redio za ridhaa, iko nyuzi 25.9 mashariki. Kutoka Dar iko juu kiasi cha nyuzi 72, upande wa magharibi ikielekea kaskazini, kama 297 kwenye dira. Sahani ya sentimita 90 iliyokuwa ikitazama setilaiti za TV za nyuzi 36 mashariki unaisogeza tu. Ni ofseti (jicho lake liko pembeni, si katikati), kwa hiyo uso wake utaonekana umelala nyuzi 50 hivi kutoka wima; usiulaze mpaka jicho likubali. LNB (jicho la sahani) iwe ya PLL, isiyoteleza masafa, volti 13, sauti inatokea karibu na megahezi 739.75 kwenye dongo (kipokezi kidogo cha USB). Ukituma kwa megahezi 2400, usiwe na sauti kubwa kuliko bikoni (ishara ya kipimo ya setilaiti). Wakubwa watakupigia king'ora.

Mzee wa Katani
Mbuzi hawafiki huko.

Huku5Z4
Sahani ikiwa chini wanailalia, nimeona.

NailoniTu
Kwa mbuzi: vitambaa vyeupe kila mita kwenye kamba, na usiku kopo lenye vijiwe lifungwe kwenye kamba ya chini. Likilia, amka.

Kisiki73
Kopo liwe la plastiki. La bati usilisogeze kwenye ncha ya dipole, utaanza tena kukata waya.